Shida Haizai Kiongozi

Kauli kwamba shida huzaa kiongozi husikika kila taasisi inapopatwa na pigo. Mkurugenzi amefariki ghafla, mwenyekiti wa ushirika amekamatwa, mkuu wa shule kongwe amestaafu bila mrithi, na waliobaki wanatazamana. Atatokea mmoja aseme kwa sauti ya kufariji kwamba Mungu atainua mtu. Mwingine ataongeza kuwa kiongozi wa kweli huonekana wakati wa shida, na wa tatu, ambaye huenda amesoma historia kidogo, atataja majina makubwa ya watu walioibuka pasipotarajiwa wakaokoa mataifa yao. Mazungumzo yataishia hapo, kila mtu ameridhika, na hakuna atakayeuliza kwa nini taasisi yenye umri wa miaka arobaini haina mtu wa pili anayejua hata funguo za kasiki ziko wapi. Imani hii ya kwamba shida huzaa kiongozi ingekuwa faraja ya msibani tu, tungeiacha ipite. Lakini imegeuka sera. Kwa sababu yake fungu la kuandaa watu ndilo la kwanza kukatwa kwenye bajeti, naibu haonyeshwi mafaili mazito, na anayethubutu kuuliza nani atashika baada ya mkubwa huonekana kana kwamba anamwombea mkubwa kifo.

Nakubali jambo moja mapema. Shida haiachi kiti wazi. Mtu hupatikana, tena upesi. Ugomvi wangu na imani hii unahusu ni mtu wa namna gani anayepatikana. Taasisi isipokuwa na watu iliowalea na kuwajaribu kabla, shida humchukua aliye karibu zaidi na kile kinachotisha au kinachogawika wakati huo: bunduki, fedha, kipaza sauti. Kisha sisi, kwa kuwa tumemkuta kitini, tunasema shida imetuzalia kiongozi. Ushahidi wa jambo hili umejaa katika historia yetu wenyewe, na sehemu kubwa yake imo ndani ya miaka minne, kati ya Julai 1960 na Januari 1964.

Kongo ya Wabelgiji ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi lake, Force Publique, lilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa wa Kizungu wapatao elfu moja. Mkongo mwenye kamisheni hakuwapo hata mmoja. Katika utumishi wa serikali nafasi za juu zilihesabiwa kwa maelfu, na Wakongo waliozishika hawakufika kumi. Waliokuwa wamemaliza chuo kikuu, hesabu za wanahistoria hucheza kati ya 16 na 30, katika nchi ya watu zaidi ya milioni kumi na tatu. Wala si kweli kwamba hakuna aliyeona. Mwishoni mwa mwaka 1955 mwalimu mmoja Mbelgiji, A. A. J. Van Bilsen, alianza kuchapisha mpango wa miaka thelathini wa kuwaandaa Wakongo kushika nchi yao: madaktari, wahandisi, maofisa wa jeshi, watawala. Alishambuliwa vikali huko kwao, kwa kuwa wakubwa wa koloni waliona miaka thelathini ni haraka mno. Wakaambulia minne na nusu. Tarehe 5 Julai 1960, hata wiki ya uhuru haijaisha, Jenerali Émile Janssens aliwakusanya askari Léopoldville, akashika chaki, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Jioni ile ile maasi yakaanza, na kambi ya Thysville ikawaka. Kesho yake serikali ikampandisha kila askari cheo kimoja, jambo ambalo halikumridhisha yeyote. Siku chache baadaye Victor Lundula, meya wa Jadotville aliyewahi kuwa sajini katika Vita Kuu ya Pili, akafanywa jenerali; na Joseph-Désiré Mobutu, aliyeacha jeshi mwaka 1956 akiwa sajini wa kazi za ofisini na kugeukia uandishi wa habari, akafanywa kanali na mnadhimu mkuu. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Tarehe 14 Septemba yule mnadhimu mkuu wa miezi miwili akatangaza redioni kwamba amewaweka pembeni wanasiasa. Huyo ndiye kiongozi ambaye shida iliizalia Kongo, na nchi ilikaa naye, mbele au nyuma ya pazia, mpaka Mei 1997.

Anayetaka kujitetea atasema: hiyo ni Kongo, nchi kubwa, iliyonyonywa, yenye madini yanayotamaniwa na dunia nzima; taasisi gani ingesimama pale? Ipo iliyosimama, ndani ya nchi hiyo hiyo na kwa watu hao hao. Kanisa Katoliki lilimpa upadri Stefano Kaoze mwaka 1917. Alikuwa mwana wa nchi ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misheni, na kabla ya kuwekewa mikono alipitia seminari ndogo ya Mpala kisha miaka mingi ya falsafa na teolojia. Tangu hapo seminari hazikufungwa. Kufikia uhuru mapadri Wakongo walikuwa mamia. Pierre Kimbondo alikuwa askofu tangu 1956, na Joseph Malula askofu msaidizi wa Léopoldville tangu 1959. Sisemi Kanisa lilikuwa na moyo mweupe kuliko serikali. Kutoka padri wa kwanza hadi askofu wa kwanza ilipita karibu miaka arobaini, na wamisionari wengi walikuwa na kiburi kile kile cha wakubwa wa koloni. Tofauti ni kwamba walikuwa na utaratibu wa kupokea vijana, kuwasomesha, kuwapa parokia na kuwapandisha, na utaratibu huo uliendelea kufanya kazi hata pale waliouendesha walipokuwa hawaamini kabisa matunda yake. Ndiyo maana uhuru ulipofika, ofisi moja ilibaki bila karani na nyingine ilibaki na askofu.

Na jaribio halikuishia 1960. Mwaka 1972 Mobutu alipogombana na Malula, wakati huo kadinali, hadi akalazimika kwenda kukaa Roma, jimbo la Kinshasa halikuanguka. Miaka iliyofuata Malula alikwenda mbali zaidi: aliwaweka walei, wanaume wenye ndoa na kazi zao, kuongoza parokia, wakaitwa bakambi. Mzito zaidi ni mfano wa Bukavu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa barabarani tarehe 29 Oktoba 1996, mji ukiingia vitani. Machi 1997 akateuliwa Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, yaani mtu aliyekwisha kuongoza jimbo kwa miaka thelathini. Waasi walipomfukuza mjini Februari 2000, waumini na mapadri hawakuachwa kama kundi lisilo na mchungaji. Aliruhusiwa kurudi Septemba, akafariki Oktoba, na jimbo likaendelea. Maaskofu wakuu wawili kwa miaka minne, mmoja kwa risasi na mwingine baada ya uhamisho wa nguvu! Kampuni ngapi zetu, wizara ngapi, vyama vingapi vya siasa vingevuka hayo bila kugawanyika vipande?

Sasa tuje upande wa mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, tunayoijua leo kama Lugalo, waliwafungia maofisa wao Waingereza na kuingia Dar es Salaam. Kikosi cha Tabora kikafuata. Tarehe 23 ikawa Jinja, Uganda. Tarehe 24 ikawa Lanet, Kenya. Majeshi matatu, juma moja, manung'uniko yale yale: mshahara na maofisa wa kigeni. Vitabu vingi huishia kwenye mshahara. Lakini tazama hali ilivyokuwa. Luteni Alexander Nyirenda, yule aliyepandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru wa Desemba 1961, alikuwa Mtanganyika wa kwanza kuhitimu Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, na alikuwa amehitimu mwaka 1960 tu. Kwa miongo Waingereza waliwaongoza askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni, bila kuwaandaa warithi, kisha wakaanza kuwatafuta wakati tarehe ya kuondoka imeshapangwa. Waasi walipoulizwa pale kambini wanataka nani awaongoze, orodha ya kuchagua ilikuwa fupi kiasi cha kuchekesha, kama si kutisha. Waziri Oscar Kambona ilibidi aende mwenyewe kujadiliana na watu wenye bunduki, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita makomando wa nchi ile ile iliyokuwa imetoka kuondoka. Hakuificha aibu yake juu ya jambo hilo.

Hapa wenye imani ya shida huleta kadi yao nzuri zaidi: Mrisho Sarakikya. Si alitokea katikati ya vurugu hizo, kijana, akakabidhiwa jeshi na kuliongoza miaka kumi? Kweli. Lakini Sarakikya naye alikuwa ametoka Sandhurst. Shida ilimkuta amekwisha kufundishwa, katika kundi dogo mno ambalo kwa bahati lilikuwa na mtu wa kufaa. Mwalimu, aliyejua bahati ikoje, hakuitegemea mara ya pili: alilivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaanzishwa JWTZ, na vijana wakaanza kupikwa upya kuanzia chini.

Uganda ilichukua njia nyingine, na hapa ndipo penye somo ambalo tungelipenda kulisahau. Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946. Alipewa kamisheni mwaka 1961, pamoja na Shaban Opolot, Waingereza wakiwa tayari wanafunga mizigo. Mwaka uliofuata askari aliowaongoza walituhumiwa kuwatesa na kuwaua wafugaji wa Kiturkana. Suala la kumshtaki lilipofika mezani, hoja iliyomwokoa haikuwa kwamba hana hatia. Hoja ilikuwa kwamba nchi inakaribia uhuru na ina maofisa Waafrika wawili tu, na haitapendeza kumfikisha mmoja wao mahakamani. Nadhani katika historia yote ya uongozi wa Afrika Mashariki hakuna ushahidi mkali kuliko huu dhidi ya uvivu wa kuandaa watu. Uhaba huwafunga mikono wenye kuchagua. Mwenye watu kumi anaweza kumwacha mbaya. Mwenye wawili humsamehe, kisha humpandisha cheo, kisha humwogopa. Baada ya maasi ya Jinja serikali ya Obote ilikubali madai ya askari, vyeo vikapandishwa haraka, na Amin akapanda navyo. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili baada ya juma lile la maasi, akaipindua serikali.

Mtu aweza kusema Amin alikuwa Amin, roho yake ilikuwa hivyo, na hakuna shule ambayo ingembadilisha. Huenda. Ila David Musuguri naye aliingia KAR, mwaka 1942, akapigana Vita Kuu ya Pili, akapanda kutoka chini kama Amin. Mwaka 1979 ndiye aliyekuwa akiongoza Divisheni ya 20 ya JWTZ iliyomfukuza Amin, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Wote wawili walitoka katika jeshi moja la kikoloni, bila vyuo. Kati ya 1964 na 1978 mmoja alikuwa katika taasisi iliyokuwa ikijaza watu katika kila ngazi, na mwingine katika taasisi iliyokuwa ikinunua utulivu kwa vyeo. Siasa na ukabila vilichangia, sikatai. Lakini mfano huu unatosha kuonyesha pia kwamba madai ya Waingereza, kuwa miongoni mwa askari wao hapakuwa na watu wa kufaa, yalikuwa uongo. Musuguri alikuwa pale pale, kambini, kwa karibu miaka ishirini kabla ya uhuru.

Ndugu zangu wanaopenda mifano ya mashujaa husema: je, Nyerere mwenyewe? Mwalimu wa shule aliyeacha kazi mwaka 1955 na kuchukua nchi kwa miaka sita! Hapana. Nyerere alipitia Tabora, Makerere, kisha Edinburgh; na aliporudi hakuanza na kiwanja kitupu. Alichaguliwa mwaka 1953 kuwa rais wa Tanganyika African Association, chama kilichokuwapo tangu 1929, chenye matawi, makatibu, na wazee waliozoea kuendesha mikutano na kuandika barua kwa gavana. TANU ya Julai 1954 ilizaliwa na chama chenye umri wa miaka ishirini na tano. Tena aliyaelewa haya. Januari 1962, uhuru ukiwa na wiki chache tu, aliachia uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Rashidi Kawawa, aliyekomaa katika vyama vya wafanyakazi, akashika nafasi. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, nchi ililia kweli kweli, lakini kabla ya mwezi kwisha Salim Ahmed Salim alikuwa ofisini. Mtu huyo alikuwa balozi tangu 1964, mwakilishi Umoja wa Mataifa, rais wa Baraza Kuu mwaka 1979, kisha waziri wa mambo ya nje. Hakuna aliyehitaji kuomba muujiza.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, na wanaolitoa ni watu walioziishi ofisi. Wanasema ukimwonyesha mtu kwamba ndiye mrithi, umezaa kambi mbili: ya mkubwa na ya mkubwa ajaye. Wafanyakazi wataanza kupeleka salamu huko, mkubwa ataingiwa na wasiwasi, na mrithi ataondolewa kwa visingizio. Ni kweli, na hutokea. Ila kinacholeta balaa hilo ni kumteua mmoja, yaani kumvisha mtu taji kabla ya siku yake. Kuandaa kwa maana ninayoisema ni kuwa na watu watano au sita, kila mmoja amekwisha kubeba sehemu ya mzigo, bila yeyote kuahidiwa kiti. Hapo mbio za kupendwa na mkubwa hupungua, kwa sababu anayeonekana ni aliyefanya kazi. Seminari haimwambii kijana kwamba atakuwa askofu.

Kisha kuna wanaolia fedha. Taasisi maskini, wanasema, itapata wapi pesa za kozi? Hapa natofautiana hata na marafiki wa hoja yangu, kwa sababu wengi wao wakisema kuandaa viongozi wanamaanisha semina hotelini, siku tatu, mabango, chai ya saa nne na posho ya kujikimu. Semina hizo zikifutwa zote kesho sioni kitakachopungua. Uongozi hufunzwa kwa kukabidhiwa uamuzi wenye madhara, na hilo halina gharama isipokuwa kiburi cha anayekabidhi. Tazama naibu katika ofisi zetu nyingi anafanya nini. Anahudhuria hafla kwa niaba, anasoma hotuba aliyoandikiwa mtu mwingine, anaomba radhi kwamba mgeni rasmi amepatwa na dharura. Mkubwa akisafiri naye anaitwa kaimu, lakini hundi zinasubiri, barua ya kumhamisha mfanyakazi inasubiri, hata ruhusa ya kununua tairi la gari inapigiwa simu ng'ambo. Mtu huyu akikaimu mara ishirini kwa mtindo huo, amefundishwa jambo moja tu, kusubiri. Siku mkubwa atakapofariki, tutamlaumu kuwa hana maamuzi.

Nimeliacha mwisho pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa waliotawaliwa. Neno maandalizi limekuwa mara nyingi sana fimbo ya wenye nguvu. Mpango wa Van Bilsen ulipotoka, kundi la Wakongo wasomi lililoandika katika Conscience Africaine mwaka 1956 lilikuwa tayari kuukubali; chama cha ABAKO kikaukataa mara moja na kutaka uhuru bila kungoja. Tanganyika nayo, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1954 uliona inaweza kujitawala baada ya miaka ishirini hadi ishirini na mitano, na kwa watawala Waingereza hata huo ulikuwa upesi. Kila anayeng'ang'ania kiti, awe gavana, mwenyekiti wa saccos au mchungaji mwanzilishi, husema vijana bado hawajawa tayari, na anasema hivyo akiwa ndiye mwenye jukumu la kuwafanya wawe tayari. ABAKO hawakuwa wapumbavu. Walijua kwamba serikali iliyokaa Kongo miaka hamsini bila kumtoa ofisa hata mmoja haitaanza kuwatoa kwa sababu imepewa thelathini mingine. Kwa hiyo hoja yangu isichukuliwe kama kibali cha kuchelewesha. Anayesema anaandaa aulizwe mwaka huu amekabidhi nini ambacho mwaka jana alikuwa nacho: sahihi ipi, fungu lipi la bajeti, mkutano upi anaouongoza mwingine yeye akiwa amekaa nyuma na amenyamaza. Asipokuwa na jibu, ABAKO walikuwa sahihi juu yake, na walio chini yake wana haki ya kudai kiti leo, hata kwa hatari zote nilizozieleza. Kongo ya Julai 1960 ni deni la waliokataa kuandaa. Waliodai uhuru wao hawakulikopa.